Tovuti ya Magonjwa ya Cherehani

4 Februari

Kidadisi mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Juzi alipanda ngazi mpaka kwenye tangi la maji kumkaripia fundi bomba, akashuka mwenyewe. Baba yako mdogo amestaafu udereva tangu mwezi uliopita. Sasa anashinda nyumbani akinipangia vyombo jikoni kwa mpango anaoujua yeye, na mimi kila asubuhi natafuta kijiko. Anakusalimu sana.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu za karakanani unazijua. Mashine tatu zinakimbia, mteja anagonga kaunta, wewe unasema nini, mimi nasema nzuri, tunaagana. Jambo hili linataka karatasi.

Mwanangu, tovuti yetu imekufa. Ile kampuni iliyotutengenezea na kutukodisha mfumo wake imefunga ofisi. Nilikwenda mwenyewe, nikakuta kufuli mlangoni na mlinzi wa jengo anauza viti vyao. Bisibisi, fundi wangu mkuu, yule mrefu asiyecheka, amewaandikia barua pepe mara sita na zote zimerudi. Walipoondoka wameondoka na kila kitu.

Na wewe unajua kilichokuwamo. Miaka thelathini na moja ya magonjwa ya cherehani, kila ugonjwa na dalili yake, sababu yake na tiba yake, yote niliyoyaandika kwenye madaftari matano tangu hujazaliwa. Mafundi wa mbali walikuwa wanaisoma ile tovuti. Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia karibu kulia: mashine kumi na mbili za kushonea sare zimemgomea na hajui pa kuangalia.

Madaftari manne ninayo. La tatu sina, na nitakuambia ukweli ingawa naona aibu. Lilikuwa limelowa mafuta ya mashine, kurasa zimegandana, nikasema si limeshaingizwa kwenye tovuti, la nini tena? Nikalichoma pamoja na takataka. Kwa mkono wangu huu. Magonjwa mia moja thelathini na saba hayako popote sasa, na nusu yake kichwani mwangu yameshapotea.

Basi nataka tovuti nyingine, na safari hii nataka mfumo ambao hakuna mtu anayeweza kuondoka nao. Bisibisi amesoma kwamba kuna mifumo huria ya kuendeshea tovuti. Ukiutaka unauchukua bure, unaufungua, unaona ndani ulivyoundwa, unautengeneza upendavyo. Kama ni kweli, huo ndio saizi yangu. Mashine iliyofungwa kwa gundi siitaki, nataka yenye skrubu. Lakini anasema iko mingi, na kila mmoja una watu wanaouapia. Wewe ndiyo kazi yako. Nichagulie.

Mama yako mdogo

*

27 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika jana na nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ameaga dunia marehemu tovuti. Mimi mzima. Kazini tuko kumi na mmoja chumba kimoja, meza yangu iko karibu na mashine ya kuchapa, kwa hiyo kila mtu anayechapa karatasi lazima anisalimie. Baridi ni ile ya kutotoka nje, mwambie baba mdogo. Mpe mama pole ya goti, na mwambie matangi yana wenyewe.

Kuhusu daftari la tatu usijilaumu. Wanaojiita wataalamu wamefanya hivyohivyo na mambo makubwa zaidi.

Mifumo nimekuchagulia mitatu. Majina yake ni ya kuchosha ulimi, nimeyabatiza upya. Wa kwanza ni Maarufu. Huo unatumika kila mahali, kila duka, kila shule. Una viongezi maelfu, vipande vya kuupachika ili ufanye kazi zaidi, ukitaka kitu chochote yupo aliyekwisha kukitengeneza. Ubaya wake ni hiyo halaiki yenyewe, huku na huku kuna vitu vimetupwa tu. Wa pili ni Jitu. Una nguvu za kuendesha tovuti ya serikali nzima, na unataka heshima zinazolingana. Wa tatu unaitwa Uzi, hilo ni jina lake halisi. Huo ni mdogo na haujulikani sana, ila ni mwepesi, ni safi, na umeundwa kwa ajili ya maandishi ya aina yako hasa.

Ukiniuliza mimi, chukua Uzi. Nimeufikiria kuliko hiyo mingine yote. Naweza kuuweka tayari wiki hii na wewe usiguse chochote. Na ukikwama nipo, siku yoyote.

Nitumie nakala za kurasa za madaftari nianze kuzichapa.

Mwanao, Kidadisi

*

30 Machi

Kidadisi mwanangu,

Marahaba. Mama yako amefurahi kusikia unapata salamu nyingi ofisini, lakini anauliza kama kuna hata mmoja kati ya hao kumi anayekukaribisha kwake chakula cha mchana. Hilo mjibu mwenyewe. Baba yako mdogo sasa ameweka majina kwenye droo za jikoni kwa karatasi na gundi. Kijiko nimekipata kwenye droo iliyoandikwa "Mengineyo".

Nakala za madaftari hutaziona humu. Nimebadili mawazo, wasichana wangu wa karakanani, Bisibisi na wenzake, wanachapa wenyewe. Wanalalamika mwandiko wangu, lakini wanachapa.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Unajua ninavyompima fundi mpya. Simuulizi maswali. Namwachia mashine iliyofunguliwa mezani, naacha simu yangu kwenye kabati, naondoka, narudi saa kumi. Nikiwepo ataniangalia usoni badala ya kuangalia mashine. Basi mifumo yako nimeipima vilevile. Kila mmoja siku moja, Bisibisi na wenzake watatu, kazi yao kuingiza magonjwa kumi na picha zake, na mimi nimekaa kwa mama yako nikisikiliza habari za goti.

Jitu liliwauliza maswali mpaka saa nane. Liliwataka waseme nani ana ruhusa ya kuona nini, na kwa ngazi ipi. Niliporudi hakuna ugonjwa hata mmoja ulioingia na wasichana hawasemezani.

Maarufu ulikubali upesi, lakini ulikuja na picha ya chungu cha maua ukurasa wa mbele na ikagoma kutoka. Wakauliza kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Hata nusu saa haikupita akawajibu mtu wasiyemjua, fundi viatu, ambaye tovuti yake nayo ilikuwa na chungu hichohicho. Saa sita chungu kimeondoka, na saa nane kazi yote imekwisha.

Uzi, mwanangu, ni mzuri. Niliporudi nikaona magonjwa yamekaa dalili kushoto, sababu katikati, tiba kulia, sawasawa na kwenye daftari langu, nilivuta stuli nikakaa nikayasoma yote kumi. Ila picha hazikuingia. Wasichana wakatafuta wa kumuuliza. Wamekuta maswali matatu tu tangu mfumo uanze, na yote matatu yamejibiwa na mtu mmoja. Bisibisi anasema mfumo huria huwa unaandika hadharani kila aliyeweka mkono wake ndani.

Huo Uzi umetengenezwa na nani? Unamjua?

Mama yako mdogo

*

24 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Mwambie mama nimekaribishwa chakula mara mbili, na mara zote nimeenda na kiatu kilichopigwa rangi. Nyumbani kwangu shwari. Nimepata jirani mpya anayejifunza tarumbeta, anajua nusu ya wimbo mmoja.

Hilo jaribio lako la kuondoka nimecheka sana nalo. Ila, kwa heshima zote, Uzi hukuutendea haki. Kasoro ya picha ni jambo dogo, nimeshairekebisha. Waambie wajaribu tena. Waliouunda ni watu makini, hilo nakuhakikishia, na hawana nia ya kwenda popote. Na hata ikitokea shida, ndiyo maana nipo mimi. Hao wa jukwaani ni watu baki, mama mdogo. Leo fundi viatu amejibu, kesho je?

Likizo ya Agosti nilikuwa nimepanga kuja, ila kazini wamenibana. Tutaangalia mwakani.

Mwanao, Kidadisi

*

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Mama yako ameisoma hiyo habari ya mwakani, akaikunja barua, akaingia kupika.

Tumechagua Maarufu. Wasichana wamekubaliana na mimi nimekubali. Nywila anazo Bisibisi, ninazo mimi, na zimo kwenye bahasha iliyofungwa kabatini. Kila Ijumaa wananakili tovuti nzima kwenye flashi na baba yako mdogo anakwenda nayo nyumbani. Ameitengenezea droo yake, na ameiandika.

Usikasirike. Kazi uliyofanya ya kututafutia tunaishukuru, na wala hatukuchukia Uzi.

Mama yako mdogo

*

14 Julai

Kidadisi,

Juni yote imepita sijapata hata bahasha tupu. Mama yako akikupigia unamjibu nzuri, anakuuliza nini unasema kazi, basi simu imekwisha. Amenishtaki mimi. Anasema nimemuudhi mtoto kwa mambo ya kompyuta ambayo sote wawili hatuyajui. Tumenuniana siku tatu, kisha tangi likavuja tena tukapatana.

Basi niseme, maana naona kunyamaza kwangu hakujasaidia kitu.

Nilijua tangu Machi. Bisibisi alifungua ile orodha ya waliotengeneza Uzi. Ina majina matatu, na wa kwanza, mwenye karibu kazi yote, ni Kidadisi. Jina hilo nilikupa mimi ulipokuwa na miaka minne, ulipofungua redio ya baba yako na kuzipanga skrubu zake kwenye sahani yangu ya chai. Hakuna Kidadisi mwingine duniani. Nikakuuliza kama unamjua aliyeuunda ili useme mwenyewe, na wewe ukanijibu ni watu makini.

Nikaudhika, sikufichi. Lakini zaidi niliona fahari ambayo sikuwa na pa kuiweka, kwa sababu ni siri. Mtoto wangu ametengeneza mfumo mzima, na mimi nakaa nao kimya kama nimeuiba.

Na sasa sababu yangu, uisikie kwa kinywa changu. Wale wa kampuni hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wawili tu, mmoja akaugua, mwingine akapata kazi kwingine. Ungeniwekea Uzi, siku jirani yako ameshajua wimbo mzima na wewe umehamia kusikojulikana, au umechoka, au una mtoto mgonjwa, ingekuwaje? Fundi wa sare angenipigia mimi, mimi ningekupigia wewe, na wewe ungeamka na homa yako kunitengenezea picha. Huo mzigo sikutwishi. Niliupima mfumo wako kwa kipimo cha mtu yeyote, na kwa kipimo hicho ulikuwa umemwegemea mtu mmoja mno.

Andika. Tukana ukipenda, lakini andika.

Mama yako mdogo

*

8 Agosti

Mama mdogo, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi, nimeichana. Ya pili nayo.

Ni kweli, Uzi ni wangu. Hao wengine wawili ni mwenzangu wa ofisini aliyesahihisha herufi kubwa na ndogo, na mtu mmoja aliyekuja siku moja akaondoka. Ninayeuendesha ni mimi. Wanaoutumia, ukijumlisha na mimi, ni wanne.

Nilikasirika sana. Nilijiambia, yaani wamemwamini fundi viatu wakaniacha mimi. Nikazunguka na hilo wiki nzima, naliosha na vyombo, napanda nalo basi. Kisha nikajiuliza kwa nini sikukuambia ni wangu tangu mwanzo, maana lilikuwa jambo la kujivunia. Jibu halikunipendeza. Nilijua ungeniuliza palepale: na wewe usipokuwepo?

Unajua dalili, sababu na tiba zilikotoka. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye madaftari yako, chini ya meza ya karakana, na kitu cha kwanza nilichoweza kusoma peke yangu kilikuwa "mashine inaruka mshono". Miaka minne iliyopita, nilipokosa nauli ya kuja mara ya pili mfululizo, nikaanza kukijenga kile kitu, kila jioni kidogo. Sikukijenga kwa ajili ya dunia. Nilitaka huko kwenu pawe na kitu kimoja kisichoweza kwenda bila mimi. Mkipungukiwa mniite. Nimeondoka miaka sita, mama mdogo, na kila barua inasema wote wazima, na mimi nafurahi na pia inaniuma. Mnaendelea vizuri mno.

Hivyo ndivyo ilivyo. Kuhusu likizo, kazini hawakunibana. Nilidanganya kwa sababu mlikuwa mnaelekea kuchagua Maarufu, nikaona nitakuja kufanya nini.

Nimefungua tovuti yenu mara nyingi kwa siri. Inapendeza. Rangi ya kijani ni nyingi kidogo.

Mwanao, Kidadisi

*

6 Septemba

Kidadisi mwanangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile ulizoninyima Juni na Julai.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti, nikaruka hapo penye basi na vyombo, akaniambia nirudi, amesikia naruka. Kisha akalia kidogo na kunilaumu kwa rangi ya kijani. Rangi ni ya baba yako mdogo. Alipigiwa kura akashinda, hatujui vipi.

Nikupe habari za karakana. Tulipofungua tovuti mpya, Bisibisi aliandika ukurasa wa mbele kwamba kuna magonjwa mia moja thelathini na saba yamepotea, mwenye nakala aturudishie. Sikutegemea kitu. Yule mama wa sare akawa wa kwanza, alikuwa amechapa kurasa ishirini na kuzibandika ukutani. Wakafuata wengine, picha za simu, karatasi zenye mafuta, mmoja ameandika kwa mkono kutoka kichwani. Mpaka leo yamerudi tisini na manne. Mmoja amenirudishia ugonjwa wa sindano kuvunjika na chini yake ameandika kwamba tiba yangu si sahihi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaijaribu tiba yake, na ni kweli nilikosea kwa miaka kumi na tisa. Tumesahihisha na jina lake tumeliweka.

Jumatano ya wiki jana tovuti ilizimika. Kiongezi kimoja kilikuwa hakipatani na kingine, kurasa zote zikawa nyeupe. Mimi nilikuwa zahanati na mama yako, simu nimeiacha kabatini. Wasichana wakauliza jukwaani, wakajibiwa na watu watatu, wakatoa kile kiongezi, wakamtuma baba yako mdogo na flashi yake, akaja amevaa shati la kazini. Saa tisa ikarudi. Mimi nimesikia kesho yake, kwa mteja.

Uzi naomba usiuache. Bisibisi anataka kujifunza ulivyo ndani, anasema mfumo wa kupanga magonjwa vile haujaonekana, na kwamba akishauelewa yeye mtakuwa wawili. Hiyo ni hiari yenu, mimi simo.

Sasa jambo langu. Tangu nipate barua yako nimezunguka hapa natafuta sababu ya kukuita. Tovuti inakwenda. Mashine zinakwenda. Goti limepata dawa na linakwenda. Hata tangi limezibwa. Nimetafuta kwa bidii kitu kimoja kilichoharibika ambacho ni wewe tu unayekiweza, na nimekikosa. Mafundi ninao wanne, mwanangu, na hawaniangushi.

Ukija hutashika bisibisi wala kompyuta. Hakuna kazi hata moja inayokungoja huku. Tunakutaka hivyohivyo, bure, Desemba.

Mama yako mdogo